PETROLI YA KOZI NI KUMBIKUMBI



Mvua za vuli zikishanyesha, kumbikumbi hutoka ardhini, na watoto hukimbilia kwenye taa wakiwa na mabeseni. Wanajua utamu wake: yale mafuta. Juma hili tumtazame mlaji mwingine wa kumbikumbi, ambaye kwake mafuta hayo ni suala la kufa na kupona.

Huyo ni kozi wa Amur, ndege mdogo asiyefikia uzito wa robo kilo. Huzaliana mashariki ya Siberia na kaskazini ya China. Baridi ikikaribia, husafiri hadi kusini mwa Afrika. Njiani kuna bahari, kutoka India hadi Somalia, takriban kilomita 3,000. Kozi si bata. Hawezi kutua majini akapumzika. Basi huvukaje?

Jibu liko kwenye chakula. Mwezi Oktoba na Novemba, kozi hawa hutua kwa makundi makubwa huko Nagaland, kaskazini-mashariki ya India, wakati kumbikumbi wa huko wanaporuka. Hula mpaka wakanenepa. Mafuta hayo ndiyo petroli ya safari.

Kwa nini mafuta, si wanga? Gramu moja ya mafuta hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga. Tena wanga huhifadhiwa mwilini pamoja na maji, ukawa mzigo mzito. Mafuta hukaa makavu. Na mwili unapoyaunguza, maji hupatikana humo humo. Pepo za kaskazi, zile zile zilizokuwa zikileta majahazi pwani yetu, humsukuma kwa nyuma. Lakini akiondoka amekonda, upepo peke yake hautamfikisha.

Ndiyo maana kituo cha kula kikiharibika, safari nzima imeharibika. Mwaka 2012, kozi maelfu kwa maelfu walinaswa kwa nyavu huko Nagaland, wakauzwa kama kitoweo. Mwaka 2013 wanavijiji wenyewe, wakihimizwa na wahifadhi, waliziweka nyavu chini.

Nasi tunahusika. Kozi huyu hupita Afrika Mashariki wakati wa vuli, na kumbikumbi wetu ni chakula chake. Kabla ya kunyunyiza dawa ovyo kuua kila mdudu, tukumbuke kuna mgeni aliyevuka bahari, petroli imemwishia, naye anaitegemea sahani hiyo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.