Jinsi plagi isiyofaa inavyoweza kuzima boti katikati ya bahari

WAVUVI na wachukuzi wengi wanaotumia boti za mashine katika Pwani ya Kenya na Ziwa Victoria huchagua plagi kwa kipimo kimoja tu: kwamba imeingia kwenye tundu lake na injini ikawaka. Kipimo hicho hakitoshi.

Plagi inaweza kuingia barabara, ikatoa cheche safi boti ikiwa ufuoni, kisha saa mbili baadaye ikatoboa pistoni chombo kikiwa nje ya mwamba, kusi ikivuma na hakuna fundi wa kukimbilia. Dereva wa gari likizima huegesha kando ya barabara. Nahodha hana pa kuegesha.

Wenye mashua za injini za dizeli wameepushwa na shida hii, kwa kuwa dizeli huwaka kwa kushindiliwa ndani ya silinda bila kuhitaji cheche. Mashine za petroli zinazofungwa nyuma ya boti, kubwa kwa ndogo, hazina budi kuwa na plagi, moja kwa kila silinda.

Jambo la kwanza ni kusoma maandishi yaliyo juu ya plagi yenyewe. Chukua mfano wa plagi ya kampuni ya NGK ya Japani iliyoandikwa B7HS, ambayo ni ya kawaida katika mashine nyingi ndogo za mipigo miwili. Herufi B huonyesha kwamba hesi yake ina upana wa milimita 14 na kwamba hufunguliwa kwa spana ya 21. Herufi H ni urefu wa sehemu yenye hesi, yaani milimita 12.7. Tarakimu 7 ni kiwango cha joto. Ikiwa mwishoni pameongezwa 10, mwanya wa cheche ni milimita 1.0.

Sasa tazama B7ES. Upana ni ule ule, spana ni ile ile, na kwa macho ya mtu mwenye haraka plagi hizi mbili ni ndugu. Lakini herufi E ina maana ya hesi ya milimita 19. Ikitiwa kwenye tundu la milimita 12.7, ncha yake hujitokeza ndani ya silinda na yaweza kugongwa na pistoni mara tu kamba ya kuwashia inapovutwa. Kinyume chake, plagi fupi kwenye tundu refu huacha nyuzi za hesi wazi, zikajaa masizi, na siku ya kutia plagi sahihi ikawa haiingii.

Kosa la urefu hujitangaza upesi. Kosa la joto ndilo la hatari zaidi kwa sababu hujificha.

Ili plagi ifanye kazi vizuri, ncha yake inapaswa kuwa na joto la kati ya nyuzi 450 na takriban 850 za selisiasi. Chini ya hapo, masizi na oili haviungui bali huganda juu ya kauri, umeme ukapita humo badala ya kuruka mwanya, na cheche ikatoweka. Juu ya hapo, ncha hugeuka kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya wakati wake. Pistoni inayopanda hukutana na moto uliokwisha kuwaka, na alumini yake huanza kuyeyuka.

Plagi inayoitwa ya moto ina pua ndefu ya kauri, hivyo joto huchelewa kutoka. Ya baridi ina pua fupi na hulipitisha joto haraka hadi kwenye kichwa cha silinda. Tofauti hiyo haionekani kwa nje, na hapa ndipo wengi hunaswa.

Gari la Volkswagen Beetle, kwa mfano, hutumia plagi za NGK za B5HS au B6HS. Hesi yake na urefu wake ni sawa kabisa na wa B7HS. Itaingia kwenye mashine ya boti bila ubishi, na itawaka. Hata hivyo, kwa plagi za NGK tarakimu ndogo ni ya moto zaidi, na mashine iliyotengenezewa 7 itakuwa imepewa plagi inayohifadhi joto kupita inavyostahili.

Tatizo huwa gumu zaidi mtu anapobadilisha kampuni. Kwa NGK na Denso, tarakimu ikipanda plagi huwa baridi zaidi. Kwa Champion na Bosch ni kinyume: tarakimu ikipanda, plagi huwa ya moto zaidi. Anayelinganisha tarakimu pekee anaweza kupotoka akidhani amekuwa mwangalifu. Muuza vipuri anayeijua kazi yake hufungua jedwali la ulinganisho la kampuni husika.

Kuna kishawishi kimoja kinachowapata hasa wavuvi wa mshipi wa kukokota. Boti huenda polepole kwa saa nyingi, ncha ya plagi haipati joto la kutosha, na plagi hulowa oili kila mara. Fundi hushauri plagi ya moto zaidi, na kweli kero inaisha. Lakini jioni boti ile ile imejaa samaki, inakabili upepo, na mashine imefunguliwa hadi mwisho. Plagi iliyokuwa dawa asubuhi ndiyo sasa inaiunguza injini.

Kabla ya kugusa kiwango cha joto, heri kuchunguza kinacholowesha plagi. Mara nyingi ni oili iliyozidi katika petroli. Wapo wanaoamini kwamba kuongeza oili ni kuilinda mashine, ilhali iliyoagizwa kuchanganywa lita 50 za petroli kwa lita moja ya oili haihitaji maradufu. Sababu nyingine ni kabureta isiyorekebishwa, choki isiyofunguka sawasawa, au themostati iliyokwama wazi ikaifanya injini iwe baridi muda wote.

Plagi iliyotumika humweleza fundi hali ya injini. Ikiwa na rangi ya hudhurungi hafifu, mambo ni shwari. Masizi makavu meusi ni dalili ya petroli nyingi, na utelezi mweusi ni oili. Kauri iliyopauka ikawa nyeupe na yenye malengelenge yaashiria joto la kupindukia. Hapo plagi isilaumiwe peke yake: huenda pampu ya maji imechoka, au chumvi imeziba njia za kupoza injini. Vijipunje vya metali vinavyong'aa juu ya kauri ni habari mbaya kuliko zote, kwa kuwa hiyo ni alumini ya pistoni. Boti yenye plagi kama hiyo isitoke.

Herufi R, kama katika BR7HS, ina maana kwamba ndani ya plagi mna kizuizi cha kupunguza mawimbi yanayovuruga redio na vifaa vya kielektroniki. Ikiwa mwongozo wa mashine umeitaja, isiachwe kwa ajili ya kuokoa shilingi chache.

Mwanya hupimwa kwa geji, si kwa ukucha, hata plagi ikiwa mpya ndani ya boksi. Wakati wa kufunga, plagi izungushwe kwa vidole hadi ikome, kisha spana iongeze nusu hadi theluthi mbili za mzunguko kwa plagi mpya ya milimita 14 yenye washa. Iliyokwisha kutumika huhitaji kusukumwa kidogo tu. Vichwa vya silinda ni vya alumini, na anayekaza kwa nguvu zote huharibu hesi ambayo kuitengeneza ni ghali kuliko plagi kumi.

Plagi za akiba ziwe idadi sawa na silinda, zimekwisha kupimwa mwanya, na zifungiwe ndani ya kopo lisiloingiza maji pamoja na spana yake. Hewa ya chumvi hutia kutu hata plagi ambayo haijawahi kuwashwa.