Kivuli cha Baraza: Wageni Waliokaa Kasongo

Jua la saa nane likiwaka juu ya Kasongo, hata kuku hukimbilia uvungu wa ghala. Aliyezaliwa katika mji huu wa Maniema ya Kusini amelizoea joto lake zito. Bali baba aliyetoka mbali pamoja na mkewe na watoto hana budi kujifunza kukaa upya. Wazazi wapenzi, leo tuwatazame wageni wa namna hiyo, maana nyumbani mwao mna fundisho kwa nyumba zetu.

Waliotangulia walikuwa Waarabu na Waswahili wa pwani. Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Kabambare, upande wa mashariki, ilikuwa kituo katika njia ya misafara iendayo Ziwa Tanganyika. Watu hao hawakupiga kambi tu, bali walihamisha maisha ya nyumbani: baraza la kupumzikia, mpunga, miembe, michungwa. Mwezi wa Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliuteka mji, na daktari Mwingereza aliyefuatana nayo, Sidney Hinde, alistaajabia ghala zilizojaa mchele na bustani za matunda. Na lugha waliyokuja nayo, ndiyo mama wa Kasongo ambembelezea mtoto wake hata leo.

Je, tuwasifu? Kabla ya kuwasifu, tuulize: ni nani aliyelima mashamba yale, akateka maji, akatwanga mchele, bwana alipokuwa amejinyosha barazani? Wengi walikuwa watumwa, waliotolewa kwa nguvu katika vijiji vyao. Huko Nyangwe, kando ya mto Lualaba, Livingstone aliona kwa macho yake, tarehe 15 Julai 1871, watu wa sokoni wakipigwa risasi na watu wa misafara. Wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza chakula. Kivuli cha baraza kilikuwa kizuri, lakini kililipiwa kwa machozi ya mwenyeji.

Baada yao wakaja Wabelgiji. Bibi wa Kizungu naye alipambana na joto: maji yachemshwe, kwinini imezwe, watoto walale mchana, chandarua kifungwe kabla ya magharibi. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku. Lakini mpishi, mtu mzima mwenye watoto wake, aliitwa “boi” mpaka mvi zikamtoka. Na huko vijijini watu walilazimishwa kulima pamba, wapende wasipende. Hali hiyo ikaendelea karibu mpaka uhuru wa mwaka 1960.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wapo waliolishika jembe hilo. Katika miaka ya 1970 walikuja Kasongo madaktari wa chuo cha tiba cha Antwerp, Ubelgiji. Wakafanya kazi pamoja na madaktari na wauguzi wa nchi hii, wakipanga vituo vya afya karibu na watu, vikisaidiana na hospitali, na kuwachanja watoto dhidi ya surua. Nao pia walitokwa na jasho, lakini jasho lao lilikuwa pamoja na la wenyeji.

Nasi je? Mwalimu aliyetoka Bukavu kwenda kufundisha Kabambare ni mgeni. Muuguzi aliyetoka Kindu na kuhamia Kasongo ni mgeni. Afanye kama wenye busara: kazi nzito aimalize asubuhi, mtungi auweke kivulini, maji ya kunywa ayachemshe, watoto awalaze ndani ya chandarua chenye dawa. Awaache wacheze na watoto wa jirani, maana hao ndio walimu wao wa kwanza katika mji mpya.

Lakini liko jambo moja zaidi. Mama, usiku unapofunga chandarua cha wanao, yule binti anayekutekea maji analala ndani ya nini? Mchana, ninyi mkipumzika, yeye anapumzika saa ngapi? Je, mshahara wake humfikia mkononi, na jina lake halisi walijua watoto wako? Haya ni maswali madogo, lakini ndiyo yanayopima nyumba, kuliko unene wa kuta zake.

Tukumbuke jamaa moja iliyokimbilia nchi ngeni yenye jua kali: Yosefu, Maria na Mtoto, huko Misri. Hawakwenda na watumwa, wala hawakumnyang'anya mtu shamba. Walipokelewa na watu ambao majina yao hatuyajui, nao wakarudi kwao pasipo kuacha kilio nyuma yao. Heri nyumba ya mgeni ambayo, siku anapofunga mizigo yake, mwenyeji husema: tungetamani wakae nasi zaidi.