Maji ya Moto Kutoka Pipa la Mashine

Kwa miaka mingi, hata baada ya Katavi kuwa mkoa mwaka 2012, mji wa Mpanda ulikuwa nje ya gridi ya taifa na ulitegemea majenereta ya dizeli. Kwa hiyo akina mama wa huko wanazijua injini: ya mashine ya kusaga, na jenereta ndogo ya akiba nyumbani. Bei ya lita moja ya mafuta pia wanaijua. Lakini je, mama, unajua kwamba katika jenereta ndogo ya petroli mara nyingi hata robo ya nguvu ya lita hiyo haigeuki kuwa umeme? Iliyobaki ni joto, linapotea bure huku wewe ukikoka kuni ili watoto waoge.

Joto hilo linashikika, lakini si kwa kila injini.

Itazame injini ya kusaga ya kizamani, inayopozwa kwa maji. Kando yake kuna pipa na mipira miwili. Maji yaliyopata moto hupanda kwa mpira wa juu na kuingia pipani. Ya baridi hurudi kwenye injini kwa mpira wa chini. Hakuna pampu. Wakisaga kwa saa mbili tatu, pipa zima lina moto.

Maji hayo yana kutu, pengine na mafuta, hivyo hayafai kupikia wala kunywa. Kwa kufulia yanafaa, ila uchote injini ikiwa imezimwa. Maji yakipungua chini ya mpira wa juu, mzunguko hukatika na injini huungua. Wala usijazie maji baridi mengi kwa mkupuo injini ikiwa ya moto. Hedi itapasuka, na fundi hatakuja bure!

Njia ninayoipenda zaidi ni hii: jaza dumu maji safi, lifunge, ulitumbukize pipani bila kuziba mipira. Maji ya kuoga yatapata moto na ya injini hayapungui. Watoto wasilisogelee pipa, maana maji yake huunguza.

Jenereta ndogo ya petroli hupozwa kwa hewa, na joto lake jingi hutoka na moshi. Hilo liache lipotee. Moshi huo una kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua familia nzima usingizini. Usiiingize jenereta jikoni wala barazani kwa kuogopa mvua au wezi. Ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka milango na madirisha. Moshi wa dizeli nao si wa kukaushia mahindi wala samaki: mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutaja kuwa unasababisha saratani.

Jenereta ikiwa inanguruma, na watu wawili nyumbani wakalalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, usianze kutafuta dawa ya malaria. Watoe wote nje kwenye hewa safi, jenereta izimwe, kisha twende hospitali.