Tungo za Ushindani katika Nyanda za Juu Kusini

Yeyote aliyebahatika kuishi miongoni mwa watu wa Iringa na Mbeya, akahudhuria arusi zao na misiba yao, akaketi katika vilabu vyao vya ulanzi wakati wa masika mianzi inapogemwa, na akasimama kando ya viwanja vyao vya kandanda, hatakosa kutambua ya kuwa kwao ushindani hautimii mpaka utungiwe maneno. Kwani nguvu za mikono na miguu huisha jioni ile ile, ilhali wimbo uliotungwa kwa ustadi humtukuza mshindi na kumchoma aliyeshindwa hata mbele ya wajukuu zao.

Tuanze na Wahehe. Kati ya mwaka 1878 na 1882 walipigana na Wangoni vita vikali vilivyokwisha pasipo upande mmoja kuutiisha mwingine, na uadui ule, badala ya kurithiwa kama kisasi, ukageuka utani: leo Mngoni akiingia katika msiba wa Mhehe ana ruhusa ya kuwakejeli wafiwa, na kuwasimanga kwa ulaji wa mbwa na mengine ambayo mtu baki hathubutu kuyatamka, wala hapana anayekasirika, maana kukasirika ni kukiri kushindwa. Lakini si kila kumbukumbu hufanyiwa mzaha. Vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891, ambapo majeshi ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yalimwua Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyepewa lakabu ya Nyundo; kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894; kifo cha Mtwa mwenyewe mwaka 1898; na kurejeshwa kwa fuvu lake kutoka Ujerumani mwaka 1954, yote hayo husimuliwa kwa taadhima. Mbali na masimulizi hayo, Wahehe walikuwa pia na ligombo, ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa, ambayo Hugh Tracey aliinasa katika sahani za santuri mwaka 1950 alipozunguka Tanganyika akikusanya muziki.

Ukivuka kuingia Rungwe na Kyela, desturi hubadilika sura. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi kwa Wanyakyusa, wenyeji wa huko, miaka ya 1930, aliandika jinsi wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walivyoondoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao na kuanzisha kijiji cha marika, ambamo jambo lililothaminiwa kupita yote lilikuwa ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzi kwa mazungumzo na furaha. Humo kijana alijifunza kunena, kutania na kujibu hoja. Na alipofariki mtu mzima, vijana hao hao walicheza ngoma ya vita msibani wakiwa na mikuki, kwa sababu marehemu naye alikuwa mpiganaji. Huko mwambao wa Ziwa Nyasa kuna mapenenga, ngoma ya vibuyu vinavyovumishwa kwa midomo na hatua zilizoigwa katika gwaride la askari, ambayo kwayo kijiji hukialika kijiji kingine waje wapimane ustadi.

Basi kandanda ilipofika haikukuta watu wasiojua kushangilia. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wenye mvua na migomba, iliunyakua ubingwa wa Tanzania mbele ya vigogo wa Dar es Salaam, nayo ikaitwa Banyambala, wanaume, kama askari waliorudi na ngawira. Katika uwanja wa Sokoine wapenzi wa Mbeya City, iliyoshika nafasi ya tatu msimu wa 2013/14, huwakabili wale wa Tanzania Prisons, na pale Samora mjini Iringa walisimama mashabiki wa Lipuli, iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019 ikafungwa na Azam. Mtindo wa kuimba ni ule ule wa ngomani: mmoja huanzisha, umati huitikia, na jina la mfungaji huingia pale lilipokaa zamani jina la shujaa. Tofauti ni kwamba ngomani mtani alijua mpaka wa kejeli yake, ilhali uwanjani aghalabu matusi hupita kwa jina la mzaha.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Kiswahili wa Mbeya na Iringa: daftari za ligi zimehifadhi jina la bingwa wa mwaka 1986, lakini hazikuhifadhi walichoimba watu wa Tukuyu siku ile. Walioimba wengi wangali hai, nao ni wazee. Waagizeni wanafunzi wenu wawaendee, wawaamkie kwa adabu, na waandike maneno yao kama yalivyotamkwa.