Je, wajua kwa nini jibu hukutoroka mtihanini?

Mwanafunzi amekesha wiki nzima akisoma. Anafungua karatasi, swali la kwanza analijua, lakini jibu haliji. Moyo unamwenda mbio, viganja vinalowa jasho. Anamaliza, anatoka, na kabla hajafika getini jibu lote limeshamjia. Lilikuwemo kichwani muda wote. Njia ya kulifikia ndiyo iliyoziba.

Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya ubongo tunayoitumia kupanga, kuzuia papara na kushika wazo moja huku tukitafuta jingine. Seli zake hupashana habari kwa umeme na kemikali. Kemikali mbili, noradrenalini na dopamini, hutakiwa hapo kwa kiasi: zikipungua umakini hulegea, zikiwa za wastani mtu huwa macho. Hofu ikizidi, hufurika. Hapo hufunguka vijitundu kwenye vitawi vya seli, potasiamu huvuja, na ishara hufifia kabla ya kuifikia seli jirani. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ameuchunguza mkatiko huo kwa miaka mingi. Usukani sasa hushikwa na amigdala, kifundo kidogo kinachoshughulika na hofu. Ukikanyaga karibu na nyoka, mpango huu ni mwema: unaruka kwanza, unawaza baadaye. Kwenye swali la hesabu unakuponza.

Dakika chache baadaye huwasili kotisoli, homoni ya tezi zilizokaa juu ya figo. Mwaka 1968, Bruce McEwen na wenzake jijini New York walionyesha kwamba homoni ya jamii hiyo, ndani ya panya, hunaswa kwa wingi na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kotisoli ikipanda sana, kukumbuka ulichosoma huwa kugumu.

Msongo ukidumu, madhara huingia ndani zaidi. Panya waliobanwa kila siku kwa siku 21, vitawi vya seli za hipokampasi yao vilinywea.

Lakini ubongo hujirudi. Mwaka 2009, McEwen na watafiti wenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa udaktari waliokuwa na wiki 4 za msongo wakijiandaa kwa mtihani mkubwa. Uwezo wao wa kuhamisha umakini toka jambo moja hadi jingine ulishuka, na mawasiliano ya sehemu ile ya mbele yalilegea. Baada ya mwezi mmoja wa utulivu, yalirudi sawa.

Basi mtoto akiganda mbele ya ubao, tusimwite mjinga wala tusimwinulie fimbo. Makaripio huzidisha mafuriko yaleyale yaliyomzibia njia. Mpe nafasi ya kuvuta pumzi, mwanzishie swali analoliweza, kisha msubiri. Alichojifunza bado kimo.