Sato wa Ijumaa

Jumatano ya Majivu ikishapita, waamini wa Bukoba na Muleba huanza kuulizana: mwaka huu umeacha nini? Mmoja ameacha rubisi, mwingine sukari kwenye chai, kijana anasema ameiweka simu pembeni mpaka Pasaka. Wapo pia wanaonyamaza, kwa kuwa wanaliona swali lenyewe kuwa la kitoto. Naamini desturi hii ina haki ya kuendelea, ila kwa sharti moja tulilolisahau: kilichoachwa lazima kiwe na mahali kinapokwenda. Fedha ya pombe ikibaki mfukoni mwa aliyeiacha pombe, huyo ameweka akiba. Si vibaya kuweka akiba, lakini bado hajafunga.

Sheria ya Kanisa Katoliki kuhusu jambo hili ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 17 Februari 1966, Kardinali Rugambwa akiwa Askofu wa Bukoba, Papa Paulo VI alitoa waraka wa Paenitemini uliopunguza siku za lazima za kufunga zikabaki mbili, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Sheria ya mwaka 1983 inamtaka mwenye miaka 14 na zaidi ajinyime nyama, na inawafungisha watu wazima mpaka wanapouanza mwaka wao wa 60. Rubisi, sukari na simu hazimo. Hayo ni hiari ya mtu, na jambo la hiari halina budi kupimwa kwa akili.

Tukianza kupima, nyama yenyewe inatutatiza. Katazo hili lilikua katika nchi ambako nyama ilikuwa alama ya karamu. Huku kwetu mtu wa mjini Bukoba aliyezoea nyama ya kuchoma anaweza kuiacha siku ya Ijumaa, akaagiza sato mzima na matoke, akala vizuri kuliko Alhamisi. Hajavunja sheria, lakini hakuna alichopungukiwa. Wakati huohuo, katika nyumba nyingi za Kaagya na vijiji vya namna yake, chakula cha kila siku ni ndizi na maharage, na nyama huonekana Krismasi au harusini. Ukimwambia mwenye nyumba hiyo aache nyama siku ya Ijumaa, unamwomba aache kitu ambacho hakuwa nacho. Ndiyo maana kila mmoja anapaswa kutafuta kile kinachomshika yeye. Kwa wanaume wengi wa Buhaya kitu hicho kinajulikana, nacho ni kibuyu cha jioni.

Kuhusu mahali pa kukipeleka kilichoachwa, Wakristo wa kwanza walikuwa wazi kutushinda sisi. Kitabu cha Mchungaji wa Herma, kilichoandikwa Roma katika karne ya pili, kinamwagiza anayefunga apige hesabu ya chakula ambacho angekula siku ile, kisha gharama hiyo ampe mjane, yatima au mhitaji mwingine. Ni hesabu kamili, wala haisubiri moyo uguswe. Jirani zetu Waislamu hawakuipoteza. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, Ramadhani ikiwa imeanza siku chache tu kabla, na mifungo miwili ikaenda pamoja katika mitaa ileile. Muislamu mwenye uwezo hamalizi mfungo wake bila zaka ya fitri, pishi ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani mwake, ambayo inatakiwa imfikie maskini kabla ya sala ya Idi. Kipimo kinajulikana, na anayepaswa kupokea anajulikana. Mkristo angeweza kujiwekea kipimo kama hicho kwa urahisi. Kwa desturi harusi haziwekwi ndani ya Kwaresima, kwa hiyo kadi za michango hupungua, na fedha ambayo ingekwenda kwenye ukumbi na vinywaji ipo. Sehemu yake ikipitia Jumuiya Ndogo Ndogo, inatosha kumlipia mgonjwa dawa au kumnunulia mtoto madaftari.

Walokole wana hoja nzito dhidi ya haya yote. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukafika Buhaya, uliwafundisha watu kwamba toba ni ya kila siku, na siku arobaini hazimfanyi mtu kuwa mpya. Luther naye, ambaye Walutheri wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi wanalibeba jina lake, hakupinga kufunga. Alipinga kufunga kunakodai stahili mbele ya Mungu. Nakubaliana nao. Lakini hoja yao inapiga majivuno ya anayefunga, haimgusi mjane anayepokea. Wengine husema ni afadhali kuongeza jema kuliko kuacha kitu. Ningeuliza tu litaongezwa saa ngapi. Atakayekwenda kumwona mgonjwa saa kumi na mbili jioni ni lazima awe ameondoka mahali alipozoea kuwa saa hiyo.

Kuna pingamizi lililo letu hasa. Mgeni akiingia nyumba ya Mhaya huwekewa akamwani, kahawa kavu ya kutafuna, na kuikataa ni kumvunjia heshima mwenyeji. Aliyeacha kahawa afanyeje? Yohane Kasiano, aliyewatembelea watawa wa jangwani Misri katika karne ya nne, anasimulia kwamba walikatisha mfungo alipofika mgeni, kwa hoja kwamba kufunga wanako siku zote, lakini mgeni ataondoka. Basi atafune. Mfungo unaomfanya mtu awe mzito kwa wenzake umeshapotea njia.

Na asiye na cha kuacha? Waraka ule wa 1966 ulimwona: uliwataka waishio katika neema watoe ushuhuda wa kujinyima, na wanaoishi katika shida waitoe shida hiyo kwa Mungu kama sala, huku haki ya kijamii ikitafutwa kwa ajili yao. Kwa maneno mengine, mwenye njaa hadaiwi mfungo. Yeye ndiye anayedai.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la mama anayepika rubisi. Ndizi mbivu zimeshakamuliwa, mtama umeshatiwa, pombe imeiva kwenye mtumbwi, na wateja wake wameamua kuwa wema kwa siku arobaini. Ada ya mwanawe inatoka humo. Sioni haki ya mtu kutakasika kwa hasara ya mwingine, hasa kama mama huyo ndiye mjane mwenyewe. Lakini mteja wake anaweza kupita pale jioni, akamwamkia, akamlipa bei ya kibuyu kama kawaida, kisha akaendelea na safari yake bila kukigusa.