UMBALI NI KINGA: TUJUE MIONZI INAVYOPIMWA

Mtu wa Mchombe akivunjika mguu shambani, huweza kupelekwa Ifakara kupigwa picha ya eksirei. Kabla ya picha, mhudumu huwaambia ndugu zake, "Tokeni nje." Wengine hukasirika. Wasikasirike. Mionzi ya eksirei haionekani, hainuki, wala haiumi. Lakini ikizidi hudhuru mwili.

Umbali ni kinga. Mionzi hutawanyika kama mwanga wa koroboi. Ukitoka mita 1 ukaenda mita 2, mionzi inayokufikia haibaki nusu. Hubaki robo. Ukifika mita 3, hubaki fungu 1 kati ya mafungu 9.

Je, kiasi chake hujulikanaje? Wataalamu wa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania hukagua vyumba vya eksirei kwa vipimo. Kila kipimo kina uso wa kupokea mionzi. Upana wa uso huo waweza kumdanganya mpimaji.

Jaribu nyumbani usiku. Chukua ungo wenye upana wa sentimita 60. Usimamishe mbele ya koroboi, sentimita 20 kutoka kwenye moto. Angalia vizuri. Katikati pana mwanga mwingi, ukingoni mwanga ni hafifu. Kwa nini? Kutoka kwenye moto hadi katikati ya ungo ni sentimita 20. Hadi ukingoni ni sentimita 36. Sasa rudi nyuma na ungo wako hadi mita 3. Mwanga umepungua, lakini umeenea sawasawa. Ukingo umezidi katikati kwa sentimita moja na nusu tu.

Kipimo kipana ni kama ungo huo. Kikiwekwa karibu mno, huchanganya mionzi ya katikati na ya ukingoni. Namba inayosomwa huwa ndogo kuliko mionzi iliyopo pale katikati. Asiyejua hudhani mahali hapo ni salama, kumbe sivyo. Kwa hiyo mtaalamu hutumia kipimo chenye uso mdogo, au hupima kwa mbali, au husahihisha namba kwa hesabu.

Ndugu msomaji, usikatae picha ya eksirei. Humsaidia daktari kuona mfupa uliovunjika. Mashine ikizimwa, mionzi hukoma. Lakini kumbuka haya:

Ukiambiwa utoke, toka.
Mama mjamzito, sema kabla ya kupigwa picha.
Ukiombwa kumshika mtoto wako, omba uvalishwe aproni ya madini ya risasi.